Mwongozo wa mtumiaji wa kanzidata za serikali

Mwongozo wa mtumiaji wa kanzidata ni kitabu au faili linalomweleza mtumishi wa ofisi jinsi ya kuingiza, kutafuta, kusahihisha na kutoa taarifa katika programu ya kompyuta inayotunza kumbukumbu. Makala hii inahusu miongozo ya programu zinazoendeshwa kwa menyu, yaani zile ambazo mtumiaji haandiki amri bali huchagua kazi kutoka kwenye orodha anayoiona kwenye skrini. Ofisi nyingi za serikali nchini Tanzania hutumia programu za namna hiyo, na watumishi huziita kwa neno moja tu: "mfumo".

Mifano mingi hapa imechukuliwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Geita. Huko kuna leseni nyingi za madini, watu huhama kufuata dhahabu, na mkoa mmoja umemegwa kutoka kwa mwingine na kwa jirani zake. Hivyo kumbukumbu iliyoandikwa sawasawa mwaka mmoja inaweza kuwa na kosa mwaka unaofuata bila mtu kuigusa.

Menyu na kitabu

Katika programu inayoendeshwa kwa amri, mtumiaji hukutana na skrini tupu, na asipojua la kuandika hawezi kwenda mbele. Menyu iliondoa tatizo hilo. Mtumiaji huona mambo yanayowezekana, huchagua moja kwa herufi, namba au kwa kubofya, kisha hupewa orodha nyingine ndogo, mpaka afike kwenye fomu ya kujaza. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba programu yenye menyu nzuri haihitaji kitabu.

Dhana hiyo ni kweli nusu. Menyu huonyesha njia, lakini haionyeshi matokeo. Neno "Futa" kwenye orodha halisemi kama kumbukumbu inaondolewa kabisa au inafichwa tu. Katika dBASE, kanzidata iliyoenea sana miaka ya 1980, kumbukumbu iliyofutwa iliwekewa alama tu na iliweza kurudishwa, hadi pale amri nyingine iitwayo PACK ilipotekelezwa. Baada ya hapo haikurudi tena. Hali kadhalika neno "Thibitisha" linaweza kumaanisha kuhifadhi, kutuma kwa mkuu wa idara, au kufunga fomu isiguswe tena. Mambo matatu tofauti, kitufe kimoja.

Miongozo yenyewe ni ya aina mbili. Kuna inayofuata menyu, skrini baada ya skrini, pamoja na picha na mishale myekundu. Nyingine hufuata kazi: mteja anataka kuhuisha leseni, mwanafunzi amehama, zahanati imechelewesha ripoti. Aina ya kwanza ndiyo rahisi kuandika, na ndiyo inayopatikana zaidi. Lakini mtumishi hafungui kitabu akijiuliza menyu ya tatu inafanya nini. Hukifungua kwa sababu kuna mtu amesimama mbele ya meza yake.

Historia

Kompyuta za kwanza serikalini ziliwekwa katika Wizara ya Fedha miaka ya 1960. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini, na masharti hayo yalilegezwa katika miaka ya 1980, wakati kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kufika.

Kati ya programu zilizofika wakati huo iko moja ambayo mwongozo wake unastahili kutajwa peke yake. CDS/ISIS ilitengenezwa na UNESCO kwa ajili ya maktaba na vituo vya nyaraka, na toleo lake la kompyuta ndogo lilitoka mwaka 1985. Ilitolewa kwa taasisi nyingi za Afrika, zikiwemo za Tanzania. Menyu yake kuu ilikuwa orodha ya herufi: E kwa kuingiza data, S kwa kutafuta, P kwa kupanga na kuchapa, D kwa kuunda kanzidata, X kwa kutoka. Iko pia herufi L, iliyobadilisha lugha ya mazungumzo kati ya mtumiaji na mashine. Menyu na ujumbe wa programu vilihifadhiwa katika mafaili ambayo mtumiaji aliruhusiwa kuyafasiri, na mwongozo ulieleza jinsi ya kufanya hivyo. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka 35 iliyopita ofisi yoyote yenye nakala ya programu hiyo iliweza kuwa na menyu ya Kiswahili bila kumwomba mtengenezaji.

Sekta ya afya ilipita njia yake. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, MTUHA, ulienea nchini kuanzia mwaka 1993 ukiwa wa karatasi, katika mfululizo wa vitabu vyenye namba. Kitabu cha 1 katika mfululizo huo ni mwongozo wenyewe. Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje. Mpango huo ni wa busara kuliko unavyoonekana: mwongozo ulikaa rafu moja na rejista, kwa lugha ya rejista, na aliyefungua rejista aliuona.

Baada ya mwaka 2010 mambo yalikwenda mbio. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaifanya kuwa Mamlaka. Taarifa za MTUHA ziliingizwa katika DHIS2, programu iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. PlanRep, programu ya mipango na bajeti za halmashauri, iliyokuwa ikifungwa kwenye kompyuta moja moja, ilipata toleo la mtandao mwaka 2017. Pamoja nayo ilikuja FFARS, inayotunza hesabu za shule na vituo vya kutolea huduma za afya. Mwaka huohuo yalianza malipo ya serikali kwa namba maalumu, ile ambayo watu huiita kontroo namba. Halafu ukaja MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, na mwaka 2023 NeST kwa ajili ya ununuzi wa umma.

Kila mfumo ulikuja na mwongozo wake. Mtumiaji wa FFARS katika zahanati ya kijiji mara nyingi ni muuguzi au tabibu, si mhasibu, na katika shule ni mwalimu mwenye vipindi. Mwongozo unaoanza na "chagua kifungu cha matumizi" bila kueleza kifungu ni nini umemwacha nje mtu uliyeandikiwa.

Leseni ndogo za uchimbaji

Hakuna mahali ambapo sentensi moja ya mwongozo ina uzito kama katika kanzidata ya leseni za madini. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania kwa muda wa miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Kwa madini kama dhahabu eneo lake halizidi hekta 10. Maombi ya eneo moja hushughulikiwa kwa kufuata aliyetangulia. Tangu mwaka 2018 kazi hiyo iko chini ya Tume ya Madini, yenye maafisa madini wakazi katika Geita, Shinyanga na Kahama, miongoni mwa maeneo mengine.

Leseni haitambuliwi kwa mti, mto wala jiwe. Inatambuliwa kwa nukta za pembe zake, yaani kwa namba zilizoandikwa kwenye fomu. Mchimbaji anaweza kuwa ameyachimba maduara yake kwa miaka 10, lakini mbele ya mfumo haki yake iko pale namba zinapoangukia. Makosa ya namba hizo ni ya aina chache, na zote zinaweza kuelezwa katika ukurasa mmoja wa mwongozo.

Kosa la kwanza ni la dakika na desimali. Nukta iliyo kwenye nyuzi 2 dakika 52 kusini, karibu na mji wa Geita, si 2.52. Nyuzi moja ina dakika 60, hivyo dakika 52 ni nyuzi 0.867, na namba sahihi ni 2.867. Anayeandika 2.52 amelipeleka eneo lake karibu kilomita 38 kaskazini.

La pili ni la alama ya kutoa. Programu nyingi huandika kusini mwa ikweta kwa namba hasi. Alama hiyo ikisahaulika, duara la Geita huhamia upande wa pili wa ikweta, jirani na mji wa Gulu nchini Uganda, kwa kuwa miji hiyo miwili iko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo na umbali wake kutoka ikweta unakaribiana. Kosa hili lina nafuu moja: ni kubwa mno kiasi kwamba ramani hulifichua mara moja.

La tatu ndilo baya zaidi kwa sababu ni dogo. Ramani za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zimechorwa kwa kufuata rejea ya vipimo iitwayo Arc 1960. Kifaa cha GPS na simu ya mkononi hutumia rejea nyingine, WGS 84, mtumiaji asipobadilisha mpangilio. Nukta ileile ya ardhini hupata namba tofauti katika rejea hizo mbili. Katika eneo la Geita na Shinyanga tofauti ni karibu mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini, na karibu mita 80 kwa upande wa mashariki na magharibi.

Sasa tupige hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Hekta 10 ni mita za mraba 100,000. Eneo hilo likiwa mraba, kila upande una mita 316. Likisogezwa mita 300 upande mmoja na mita 80 upande mwingine, sehemu inayobaki juu ya eneo la awali ni kipande chembamba cha mita 16 kwa mita 236, chini ya asilimia 4. Mwenye leseni atakuwa na karatasi halali ya shamba la jirani, na jirani atakuwa na dhahabu ya mwenye leseni. Namba zote zitakuwa zimeandikwa bila kosa la herufi. Menyu itakuwa imefuatwa hatua kwa hatua. Na mfumo utakuwa umekubali.

Mwongozo mzuri kwa hiyo hausemi tu "ingiza nukta za pembe". Husema nukta ziwe katika rejea ipi, ziandikwe kwa mtindo upi, na humtaka mwombaji aangalie mchoro wa eneo kwenye ramani ya skrini kabla ya kuthibitisha, akitafuta kitu anachokijua: barabara, mto, kilima. Husema pia jambo la kufanya ukigundua kosa baada ya kuthibitisha, kwa sababu kurudi nyuma na kuomba upya kunaweza kumfanya aliyetangulia awe wa pili.

Majina ya mahali na ya watu

Mkoa wa Geita ulianzishwa rasmi mwezi Machi 2012. Wilaya ya Geita ilitoka Mwanza, Chato ilitoka Kagera, na Bukombe ilitoka Shinyanga. Mbogwe ilimegwa kutoka Bukombe, na Nyang'hwale kutoka Geita. Upande wa Shinyanga, Kahama iligawanywa na kuzaa halmashauri za Msalala na Ushetu.

Kwa mtumiaji wa menyu haya si mambo ya historia. Menyu ya mahali huwa na ngazi: mkoa, kisha wilaya, kisha kata. Anayetafuta kumbukumbu ya Bukombe ya mwaka 2008 anapaswa kujua kama mfumo umezihamishia Geita kumbukumbu za zamani au umeziacha Shinyanga. Jibu likiwa la pili, jumla ya Shinyanga itaonekana kushuka ghafla mwaka 2012, na mtu asiyejua ataandika ripoti kueleza mteremko ambao haukutokea. Hili halionekani kwenye skrini yoyote, lazima liandikwe.

Nyang'hwale ina tatizo lake la ziada, nalo ni ritifaa. Katika lugha nyingi za kanzidata alama hiyo huonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi, na programu isiyoandaliwa vizuri hudhani kwamba jina limekwisha baada ya "Nyang". Baadhi ya watumishi hukwepa kwa kuandika Nyanghwale, wengine Nyang'wale, na wengine hutumia alama iliyopinda inayotoka kwenye simu, ambayo kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Macho ya binadamu husoma wilaya moja. Mashine huhesabu nne. Majina ya watu ya Kisukuma yanayoanza na Ng' hupata adha hiyohiyo. Dawa yake ni sentensi mbili za mwongozo: andika ritifaa iliyonyooka ya kibodi, na unapotafuta, tafuta pia kwa sehemu ya jina isiyo na ritifaa.

Shuleni jambo hili hugusa maisha ya mtoto moja kwa moja. Baraza la Mitihani la Tanzania lina mfumo wa PReM, unaompa mwanafunzi wa shule ya msingi namba inayomfuata. Mwanafunzi akihama shule, lazima ahamishwe pia ndani ya mfumo. Katika maeneo ya machimbo familia huondoka kwa haraka inaposikika rashi mpya, na mtoto hufika shule ya pili akiwa na daftari na sare tu. Mwalimu akimsajili upya kwa sababu menyu ya "Sajili" iko juu na ya kuhamisha iko ndani zaidi, mtoto mmoja atakuwa na kumbukumbu mbili, pengine na tahajia mbili za jina. (Walimu waliowahi kusimamia usajili wa watahiniwa watakubali kwamba herufi moja ya jina huwa nyepesi darasa la nne na nzito sana siku ya kuchukua cheti.)

Sifuri na nafasi tupu

Katika DHIS2 mtumiaji huchagua kituo, aina ya ripoti na kipindi, kisha hujaza visanduku. Katika matoleo yaliyozoeleka kisanduku huwa kijani namba inapohifadhiwa. Baada ya kujaza vyote, ripoti hutakiwa kutiwa alama kwamba imekamilika. Isipotiwa, kituo huhesabiwa kuwa hakijaripoti hata kama namba zote zimo.

Swali gumu ni sifuri. Kisanduku kitupu kinaweza kumaanisha kwamba hakukuwa na mgonjwa wa kuhara damu mwezi huo, au kwamba ukurasa wa rejista haukuhesabiwa. Programu hiyo inaweza kupangwa ihifadhi sifuri kwa baadhi ya visanduku na iziache kwa vingine, na anayejaza haoni tofauti. Mwongozo unaosema "jaza ripoti yote" haujamsaidia. Unapaswa kusema ni visanduku vipi sifuri yake ni habari.

Saa nayo huleta mkanganyiko ambao watengenezaji wa nje hawaufikirii. Mfumo unaofungwa saa 6 usiku kwa hesabu yetu hufungwa 00:00 kwa hesabu ya kompyuta, na tarehe iliyoandikwa kando yake ni ya siku inayoanza, si inayokwisha. Aliyesoma "tarehe 15, 00:00" akapanga kumaliza kazi usiku wa tarehe 15 amechelewa siku nzima.

Lugha ya mwongozo

Watumishi wa ofisi za wilaya huzungumza na wateja kwa Kiswahili, na huko Usukumani mara nyingi kwa Kisukuma pia, lakini menyu nyingi za mifumo yao ni za Kiingereza. Miongozo imegawanyika. Mahali ambapo mwongozo ni wa Kiswahili na menyu ni ya Kiingereza, mwandishi hulazimika kunukuu neno la skrini kama lilivyo kisha kulieleza. Akilifasiri bila kulinukuu, msomaji hatalikuta kwenye skrini.

Kwamba kazi hiyo inawezekana ilikwisha kuonyeshwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za Tanzania. Istilahi hazikosekani: kanzidata, nywila, faili na kibodi hutumiwa kila siku. Kinachokosekana zaidi ni mtu mwenye muda wa kukaa na mtumiaji mmoja, kumwangalia akifanya kazi bila kumsaidia, na kuandika mahali anapokwama.

Matoleo na nakala

Mfumo wa mtandao hubadilika usiku mmoja kwa nchi nzima. Mwongozo uliotolewa nakala haubadiliki. Kwa hiyo kila mwongozo unapaswa kuonyesha kwenye ukurasa wa kwanza namba ya toleo la programu na tarehe, na kila ukurasa uwe na namba, maana vitabu vya ofisini huazimwa kwa kurasa. Mafunzo ya mfumo mpya mara nyingi hupewa wachache, ambao hurudi kuwafundisha wenzao. Aliyefundishwa akihamishwa kituo, hubaki kitabu, kama kipo.

Kinachobaki mara nyingi ni karatasi moja iliyobandikwa ukutani karibu na kompyuta, imeandikwa kwa mkono. Haina picha ya skrini hata moja. Ina hatua tano au sita, jina la menyu likiwa limepigiwa mstari, na chini yake onyo moja lenye nukta mshangao mbili kuhusu kitufe ambacho mtu fulani alikibonyeza siku moja kabla ya kuhifadhi. Wanaoandaa toleo jipya la mwongozo wangefanya vyema kuzinakili karatasi hizo kabla ofisi haijapakwa rangi.